Mistari mitatu niliyoiacha tupu

Fomu ya kambi ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa na kurasa nne. Niliijaza saa sita za usiku, nimetoka zamu, sare ya kazini bado iko mwilini, karatasi nimeitandaza juu ya meza ya kupigia pasi. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, bima, nambari ya kupigiwa kukiwa na dharura, sahihi kwamba nimesoma maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo (nilikuwa nimeyasoma nusu). Chini kabisa ya ukurasa wa nne palikuwa na swali: kuna jambo jingine ambalo makocha wanapaswa kulijua kuhusu mtoto wako? Kisha mistari mitatu mitupu. Nikashika kalamu, nikaitazama ile mistari, nikaikunja fomu nikaitia kwenye bahasha, nikaenda kutayarisha daku.

Ilikuwa Juni 2017, Ramadhani imefika katikati, na mji ni Columbus, Ohio, ambako tumeishi tangu mwanangu hajaanza shule. Jambo ambalo makocha walipaswa kulijua ni kwamba mtoto anafunga. Na kufunga kwa Juni ya huku si kufunga kwa Mombasa. Kwetu jua halina hila; mwaka mzima linazama karibu saa ile ile, saa kumi na mbili na robo, saa kumi na mbili na nusu, adhana inalia, tende mdomoni, basi. Columbus mwezi wa Juni alfajiri inaingia saa kumi na kitu, na magharibi ni saa tatu za usiku. Saa tatu, watoto wa Mombasa wameshalala! Hesabu mwenyewe: karibu saa kumi na saba bila tone la maji. Mwaka ule mwanangu alikuwa na miaka 14, ameshabaleghe, na alikuwa amekataa katakata kula hata siku moja.

Kwa nini sikuandika? Nilihofia watamrudisha nyumbani. Alikuwa ndiyo kwanza amepata mahali panapomtaka alivyo, nami sikutaka kumpa mtu yeyote sababu.

Niseme alivyo. Mwanangu ni bonge. Kwetu Majengo hilo si tusi, kila mtaa una bonge wake. Mwaka ule alikuwa na ratili 230, ambazo ni kilo 104, na kimo cha futi tano na inchi kumi na moja. Babake ni dereva wa lori la masafa marefu na ni shabiki wa timu ya Bandari ya Mombasa damu damu. Alimpeleka kwenye soka akiwa na miaka minane, na wakamtia golini, maana bonge popote duniani hutiwa golini. Akafungwa mabao mpaka wenzake wakachoka kumlaumu, na hiyo huruma ilimuuma kuliko lawama. Akiwa na miaka kumi alitundika daluga, akawa mtoto wa chumbani na simu.

Halafu mwalimu mmoja wa shule ya kati akamwona akihamisha meza peke yake baada ya mtihani. Akamwambia shule ya upili ya jirani hufanya kambi ya futiboli kila Juni kwa watoto wanaoingia darasa la tisa, aende. Msidanganywe na neno kambi, hakuna hema wala kulala huko. Ni asubuhi nne, Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa sita, kwenye uwanja wa shule. Ada dola 40, na fulana unapewa. Hakuna mechi wala mavazi ya kujikinga, ni kaptula, daluga na jasho.

Futiboli yenyewe sikuijua. Nilijua ni ule mpira uliochongoka ncha mbili ambao wenyewe huuita mpira wa miguu na miguu hawaitumii. Habari pekee niliyokuwa nayo ilitoka kwa kaka yangu aliyecheza raga Mombasa. Mwaka 2013 alinitumia ujumbe mrefu, hana pumzi, kwamba Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu wa raga, amesajiliwa na timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli maishani mwake. Indianapolis si mbali na kwetu, saa tatu kwa gari. Adongo alicheza mechi chache tu na hakudumu sana, lakini kwa kaka yangu mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na kila alipopiga simu aliuliza, "Yule bonge wetu anafanya nini?"

Jumatatu nikampeleka. Nilikusudia kumshusha na kurudi kulala, kwani zamu yangu ni ya jioni na usingizi ni deni lisiloisha. Nikakaa ndani ya gari dakika tano, kumi, kisha nikajikuta nimesimama kwenye wavu wa uwanja.

Walipigwa filimbi wakagawanywa. Wembamba wenye mbio huku, warushaji kule, na kundi moja likapelekwa pembeni kabisa, karibu na banda la mashine ya kukatia nyasi. Nikaangalia ni akina nani: mabonge watupu. Wa Kizungu, weusi, Mmeksiko mmoja mrefu, na wangu. Moyo ukanishuka. Nikasema hawa nao wamewatia golini.

Baadaye mchana nikamuuliza, "Mbona nyinyi hampewi mpira?"

"Sheria hairuhusu, Mama."

Nikadhani ananitania. Kumbe kweli. Wale watano wa mbele kwenye laini ya kushambulia, wa katikati anayeutoa mpira kwa kuupitisha baina ya miguu yake na wawili wawili kila upande, huvaa nambari kati ya 50 na 79, na mwenye nambari hizo hana ruhusa ya kudaka pasi ya mbele. Kazi yao ni kumzuia adui ili mwingine apite. Mtoto anaweza kucheza miaka minne asiguse mpira, na bila yeye hakuna anayeguswa na sifa. Mimi niliyelelewa kwenye soka, ambako hata kipa huota kufunga bao, hilo lilinichukua muda kulimeza. Mwanangu halikumchukua hata dakika. Alikuja nyumbani siku ile anang'aa kama aliyepewa jina jipya.

Na walivyofundishwa! Hapa ndipo nilipoacha kusinzia. Kocha wao, mzee mwenye goti baya na sauti ya muuza samaki, alitumia saa nzima ya kwanza kwenye kuinama tu. Miguu upana wa mabega, mmoja umerudi nyuma kidogo, vidole vya ule wa nyuma vikilingana na kisigino cha mwenzake. Mkono mmoja unagusa nyasi, lakini hauegemei: alipita akiwapiga watoto teke jepesi la kwenye kile kiganja, na aliyeanguka kifudifudi alikuwa ameegemea. Mgongo bapa kama meza. Kisha hatua ya kwanza, na hatua yenyewe ni fupi ajabu, inchi sita, urefu wa kalamu. Mtoto wa kilo mia hutaka kuruka kama chui. Ukiruka, mguu mmoja uko hewani, na mwenye mguu hewani huangushwa na mtoto mdogo. Inchi sita. Rudi. Inchi sita. Rudi.

Halafu wakapelekwa kwenye kitu nilichodhani ni kizimba cha kuku. Ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa yakawa dari fupi, chini yake mbao zimelazwa kwenye nyasi. Mtoto anaanza akiwa ameinama chini ya lile dari, anatoka mbio, ubao ukiwa katikati ya miguu yake. Akiinuka mapema, bomba linamgonga kichwa. Akikutanisha miguu, anakanyaga ubao na kuteleza. Chuma na mbao ndivyo vinavyofundisha. Kocha anasimama tu akisema neno lake moja, wa chini ndiye mshindi, wa chini ndiye mshindi. Kwetu husemwa mwenye nguvu mpishe. Kwenye laini hakuna kupisha, ila mwenye nguvu aliyesimama wima hushindwa na dhaifu aliyeinama, nami nililiona kwa macho yangu: mwanangu alisukumwa hatua sita na kijana aliyemzidi kilo ishirini, kwa sababu tu alinyanyua kidevu.

Jumatatu palikuwa na mawingu. Jumanne jua lilitoka mapema, na lile jua la Ohio lina unyevu ndani yake, halitofautiani na Mombasa ya Machi isipokuwa hakuna upepo wa bahari. Kufikia saa nne joto lilikuwa limepita nyuzi 30. Kila dakika ishirini walipigiwa filimbi ya maji. Nilimwona mwanangu akienda na wenzake kwenye pipa, akijaza chupa, akijimwagia kichwani, akisukutua, akitema. Kutoka mbali ungeapa amekunywa. Alikuwa akificha, nami nikiwa kwenye wavu nikimsaidia kuficha kwa kunyamaza.

Saa nne na nusu akashindwa kuinuka kutoka kwenye ule mkao. Hakuanguka kwa kishindo. Filimbi ililia, wenzake wanne wakaondoka, yeye akabaki pale pale mkono chini, kama aliyesahau kinachofuata. Kisha akakaa.

Aliyefika wa kwanza si kocha. Ni binti mmoja mfupi mwenye mkoba mwekundu, niliyekuwa nimemdhania mwanafunzi wa kujitolea. Kumbe ndiye mtabibu wa michezo wa shule. Si kocha na si daktari. Kazi yake ni miili ya wale watoto na hana habari na mchezo. Nilipofika nikikimbia, mwanangu ameshalazwa kwenye kivuli cha hema, miguu imeinuliwa juu ya mpira wa mazoezi, taulo zenye barafu zimewekwa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Pembeni palikuwa na hodhi la plastiki, lile la kunyweshea ng'ombe, limejaa maji na barafu tangu asubuhi. Anamuuliza maswali ya kipuuzi: leo siku gani, kocha wako anaitwaje, umekuja na nani. Akajibu yote. Baadaye nikaelewa alikuwa akipima kama akili imechanganyikiwa, maana hapo ndipo angemtumbukiza kwenye hodhi bila kusubiri mtu. Kanuni yao ni kupoza kwanza, hospitali baadaye.

Akanigeukia. "Mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa saa ngapi?"

Nikasema, "Saa kumi alfajiri."

Akarudia swali polepole, akidhani Kiingereza kimenipotea. Nikarudia jibu polepole. Nikaona anavyojumlisha masaa usoni. Hakuniambia kitu. Alichukua chupa, akaifungua, akampa mtoto mkononi, na mwanangu akaniangalia mimi.

"Kunywa," nikasema.

Akanywa, na machozi yakimtoka. Ilikuwa siku ya kumi na nane, na alikuwa amemwahidi nyanya yake thelathini kamili.

Saa tano nikampigia mama yangu. Columbus ikiwa saa tano asubuhi, Mombasa ni saa kumi na mbili jioni. Nilisikia sahani zikipangwa, kaimati zikikaangwa, mtu akiuliza tende ziko wapi. Robo saa tu wafungue. Nikamweleza yote, hata ile fomu. Nilitegemea anitulize kwamba mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Hilo alilipitia haraka kama jambo ambalo hata mtoto wa chuoni analijua. Kisha akasema:

"Sasa wewe ulikuwa ukimficha nani? Mungu anajua, mtoto anajua, wewe unajua. Kocha peke yake ndiye hajui, na ndiye mwenye filimbi."

Adhana ikaingia kwenye simu. Akakata.

Nilimwendea yule kocha nikiwa nimejitayarisha kwa lolote. Alinisikiliza, akakuna goti, akauliza mwezi utaisha lini. Akasema mtoto arudi kesho akitaka. Yule binti mwenye mkoba mwekundu ndiye aliyeweka sharti: akifunga hakimbii, akikimbia anakunywa, hakuna cha katikati. Mwanangu akachagua kufunga.

Jumatano basi alisimama. Nilidhani watamweka kwenye kiti kivulini kama mgonjwa. Kocha alimweka nyuma ya laini, kivuli cha hema kikimfikia, akampa kazi: tazama miguu tu. Usitazame mikono, usitazame nani ameshinda. Kila mmoja akitoka, niambie kama hatua ya kwanza ilikuwa fupi au ndefu, na aliinuka kwenye hatua ya ngapi. Asubuhi nzima mwanangu akawa mwenye kusema, "Ndefu. Fupi. Ameinuka ya tatu. Ya tatu. Ya tatu." Kufikia saa sita alikuwa amegundua kitu ambacho, aliniapia, hakuambiwa na mtu: karibu wote huinuka kwenye hatua ya tatu, hata hodari, kwa sababu ya tatu ndipo mtu hutaka kuona kama ameshinda.

Jumatano ni siku yangu ya mapumziko. Usiku ule, tumefuturu, tumeswali, saa nne na nusu mimi nimevaa dera nasubiri chai, mwanangu akanipa mto wa kochi. "Shika hapa kifuani, Mama." Akainama kwenye zulia, mkono chini. Hatua moja, fupi. Viganja viwili vikanipiga kwenye mto, katikati, vidole gumba juu, viwiko vimebanwa ubavuni. Hakutumia nguvu. Nikajikuta nimekaa kwenye kochi bila kujua nimefikaje. Akanieleza kwa bidii ya mwalimu wa madrasa: mikono ikiwa nje ya mabega ya mtu unakuwa umemkumbatia, na ukionekana unarudishwa yadi kumi, ikiwa ndani, unamwongoza kama mkokoteni. Gumba zikiwa juu viwiko hubaki ndani vyenyewe. Nilisukumwa kwenye lile kochi mpaka chai ikapoa. Babake alipiga simu kutoka barabarani Nebraska, akasikia vishindo, akauliza kuna nini huko.

Yule binti mtabibu nilizungumza naye zaidi siku hiyo hiyo ya Jumatano, pale kwenye wavu. Alikuwa na kijidude cha kupima joto, unyevu na ukali wa jua kwa pamoja, na namba yake ikipanda anaweza kusimamisha mazoezi hata kocha akipenda asipende. Nikamuuliza kwa nini wamekuwa wakali hivi. Akanitajia jina nililokuwa sijawahi kulisikia, Korey Stringer. Kijana wa Warren, hapa hapa Ohio, alichezea Chuo Kikuu cha Ohio State, hapa hapa Columbus, kisha timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings. Tarehe 31 Julai 2001 alizidiwa na joto kwenye kambi ya timu huko Mankato, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti akafariki. Alikuwa na miaka 27. Mwaka 2010 kikaanzishwa kituo chenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Connecticut, kinachofundisha watu namna ya kuzuia vifo vya joto michezoni.

"Alicheza nafasi gani?" nikauliza.

Akaelekeza kidole kule pembeni, karibu na banda la mashine ya nyasi.

Wakubwa ndio hatarini zaidi, mwili mkubwa unatengeneza joto jingi na unachelewa kulitoa. Usiku huo, mto wa kochi ukiwa bado sakafuni, nilisoma nusu ya pili ya zile karatasi nilizozitilia sahihi. Ndipo nilipojua kwamba kwa sheria ya Ohio, tangu 2013, mtoto akishukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa na harudi siku hiyo, hata akilia, na kurudi kwake ni kwa idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Nilikuwa nimetia sahihi kitu kizuri bila kukijua.

Alhamisi ilikuwa ya kukaba na kuangusha, juu ya godoro nene. Mwanangu alitazama tena. Macho juu, bega ndilo linalogonga, shavu lipite pembeni mwa paja, kichwa kisiwe mbele kabisa ya mtu. Nilimpigia video kaka yangu. Akacheka sana: "Hiyo ni raga hiyo! Wamekuja kuiba kwetu!" Kocha alikubali bila ubishi. Alisema Pete Carroll, wakati ule kocha wa Seattle Seahawks, alitoa video mwaka 2014 akifundisha kuangusha kwa bega, na kwamba walilichukua kwenye raga, ambako watu hawana helmeti ya kuwadanganya kuwa kichwa ni silaha.

Siku za mwisho za Ramadhani nilimwonyesha mwanangu habari za Husain Abdullah, beki wa Kansas City Chiefs aliyekuwa akifunga hata wakati wa kambi. Yeye na kaka yake Hamza waliuacha msimu mzima wa 2012 wakaenda Hija. Mwaka 2014 alimnyang'anya Tom Brady, mrushaji nyota, pasi, akakimbia nayo hadi mwisho, akasujudu, na mwamuzi akampa adhabu ya yadi 15. Kesho yake ligi ikasema adhabu ile haikustahili. Mwanangu aliitazama ile sijda mara nyingi. Swali lake halikuwa la dini wala la adhabu. "Kwani makocha wake walijua anafunga?" Walijua, dunia nzima ilijua. Hakusema kitu, na mimi nikainuka kuosha vyombo.

Mwezi wa Julai ikaja barua. Karatasi nzito, nembo ya dhahabu, jina la mwanangu limechapwa kwa wino mweusi: umechaguliwa. Kambi ya siku moja ya vipaji, mji wa jirani, saa mbili kwa gari, dola 350, nafasi ni chache. Nililia kidogo, sitaficha. Nikachukua zamu mbili za ziada. Waliokuja walikuwa mamia, kila mmoja na barua yake yenye nembo ya dhahabu. Walipimwa uzito, kimo, urefu wa mikono, mbio za yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu, kila mtu na sekunde zake kwenye kadi. Wangu 5.9. Basi wakajua kwamba bonge hana mbio, jambo ambalo ningewaambia bure kwa simu.

Kwa uchovu nikaanza kuhesabu. Kwa saa tatu nzima mwanangu alipata zamu saba. Saba! Zilizobaki alikuwa kwenye foleni. Kwenye kambi ya dola 40, Jumatatu ile kabla ya saa nne asubuhi, alikuwa ameshainama na kutoka mara zisizopungua thelathini, na kila mara kuna mtu aliyemwambia alichokosea. Tangu hapo wazazi wenzangu, na sasa tuko wengi, Wakongo, Wasomali, Wakenya, wakiniuliza kambi ipi nzuri, nawaambia wasitazame nembo wala picha za nyota. Waende siku moja wasimame kwenye wavu, wahesabu foleni. Foleni ya watoto wanne, lipa. Foleni ya ishirini, rudi na pesa zako. Na watafute hodhi la barafu liko wapi. Wakiuliza hodhi wakaonyeshwa kijisanduku cha barafu chenye soda, waondoke.

Kambi za vyuo vikuu nazo tulizijua baadaye, za Juni, ambako makocha wa chuo hutazama kweli. Hizo kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hazichagui mtu: ziko wazi kwa yeyote, kikomo ni idadi, umri, darasa na jinsia. Ukiona mtu amekuambia umechaguliwa, jiulize amechagua nini hasa. Tulikwenda moja, ya chuo kidogo, mwanangu alipokuwa akiingia darasa la kumi na moja. Walimfundisha vizuri, wakamshukuru, hawakumwandikia. Alicheza laini shuleni miaka yake minne, hakugusa mpira ila mara moja ulipoanguka mwenyewe mbele yake akaulalia. Sasa anajifunza ufundi wa viyoyozi. Mama yangu anasema hiyo ni kazi ya mtu aliyepatwa na jua.

Lakini niirudie ile fomu. Mwaka 2018 kambi iliangukia Juni 11 hadi 14, siku nne za mwisho kabisa za Ramadhani. Kurasa nne zile zile, mistari mitatu ile ile. Safari hii niliijaza yote mitatu, na nikaendelea pembeni mwa karatasi: anafunga, alfajiri saa fulani, magharibi saa fulani, hakimbii, mpeni kazi ya kutazama miguu. Siku mbili baadaye simu ikalia nikiwa kazini. Ni yule binti mwenye mkoba mwekundu. Alikuwa na swali moja tu, anataka kujua mtoto anakula nini kabla ya alfajiri, na kama kina chumvi.

Nikamtajia: uji, mayai, tende, mahamri ya jana.

"Hebu niendelezee hilo la mwisho," akasema, nikasikia kalamu ikitafutwa. Nikalitaja herufi moja moja, mzee mmoja wa kule kazini akiningoja nimpe dawa yake.